Barua ya wazi kwa wachungaji, mapadri na wazee wa kanisa: mfundisheni na mume sehemu yake

Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Baba maaskofu, wachungaji, mapadri, makatekista na wazee wa kanisa mnaosimamia mafundisho ya ndoa katika makanisa ya Tanzania,

Nawaandikia mimi mama niliyefunga ndoa madhabahuni, ninayeipenda ndoa yangu, na ambaye vijana wa usharika wetu na wa makanisa jirani wamekuwa wakiniomba niwasimamie ndoa zao. Mafundisho yenu nimeyasikia nikiwa nimeketi karibu na maharusi, na matunda yake nimeyaona nyumbani kwao miaka ikishapita. Ombi langu ni moja na nalitanguliza: mfundisheni mume sehemu yake ya Waefeso 5 kwa uzito uleule mnaomfundishia mke sehemu yake, na asipoitenda, kanisa limwajibishe kama linavyowawajibisha wakosaji wengine.

Sikuja kupinga utii. "Enyi wake, watiini waume zenu kama kumtii Bwana wetu" ni Neno la Mungu, nami naliishi nyumbani kwangu bila kinyongo. Anayetaka mstari huo ufutwe asinihesabu upande wake. Ninachokataa ni kuusoma peke yake, kana kwamba Paulo alipofika mstari wa 24 alikunja barua akalala.

Fungueni Biblia tusome pamoja. Katika mstari wa 21, kabla mke hajatajwa, Paulo anawaambia waamini wote: "hali mkinyenyekeana katika kicho cha Kristo." Kisha anamsemesha mke kwa mistari mitatu, 22 mpaka 24. Kuanzia mstari wa 25 anamgeukia mume, wala hamwachii mpaka mstari wa 33, ambako mke anatajwa tena kwa maneno machache ya mwisho. Mwenye macho anaona ni nani aliyewekewa mzigo mrefu. Na mzigo wenyewe ni mzito: "Enyi waume, wapendeni wake zenu, kama Kristo naye alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake." Mume hakupewa kipimo cha baba yake, wala cha jirani, wala cha desturi ya kabila lake. Alipewa msalaba.

Tena fikirini barua ile iliposomwa mara ya kwanza. Watu wale waliishi chini ya Warumi, na sheria ya Kirumi ilimpa baba wa nyumba mamlaka makubwa juu ya walio chini ya paa lake. Hapakuwa na mwanamume pale aliyehitaji kuambiwa kwamba yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Hilo alizaliwa akilijua. Jipya lililomfikia masikioni ni lile la pili: kwamba ukubwa huo unamdai ajitoe, amtunze mkewe kama anavyoutunza mwili wake mwenyewe, amlishe, amstahi. Sisi leo tumelichukua lile ambalo hata wapagani walikuwa nalo tukalifanya ndiyo mafundisho ya Kikristo kuhusu ndoa, na lile alilolileta Kristo tumelifanya kuwa salamu ya kumalizia.

Maana ndivyo inavyokuwa Jumamosi ya harusi. Mhubiri anasoma Waefeso, anasimama kwenye utii, anaueleza, anaurudia, anamgeukia bibi harusi na kumuuliza kama amesikia. Kina mama wanapiga vigelegele, kina baba wanaitikia "Amina" kwa nguvu. Kisha: "Na wewe bwana harusi, mpende mkeo." Basi. Watu wanacheka kidogo, kwaya inasimama, tunakwenda kwenye viapo. Na viapo vyenyewe vinatushuhudia. Katika ibada ya Kikatoliki mume na mke wanatamka maneno yaleyale: kuwa mwaminifu katika taabu na raha, katika magonjwa na afya, kumpenda na kumheshimu mwenzake siku zote za maisha. Kiapo ni kimoja kwa wote wawili. Mahubiri yaliyotangulia kiapo hicho hayakuwa mamoja.

Tazameni pia maandalizi. Binti anapochumbiwa, nyumba nzima ya wanawake inamzunguka. Kuna shangazi, kuna somo, kuna mama mlezi wa kanisani, kuna kicheni pati ambako anaketishwa chini na kuambiwa namna ya kumpokea mume, kumpikia, kuvumilia, kutunza siri za chumbani, kunyamaza mume akikasirika. Kisha inakuja sendofu na mawaidha mengine. Mengi ya hayo ni mema, na mimi mwenyewe hufundisha humo. Lakini kijana wa kiume katika miezi ileile anafundishwa na nani? Yuko kwenye vikao vya kamati ya harusi akihesabu michango. Anatafuta suti, ukumbi na gari. Mafundisho yake halisi anayapata kijiweni, kutoka kwa wenzake ambao wengine hawajaoa na wengine wameshindwa na ndoa zao: kwamba mwanamke ukimpa nafasi atakupanda kichwani, kwamba usimwonyeshe mshahara wako, kwamba siku ya kwanza ndiyo ya kuonyesha nani mwanamume. Vipindi vyenu vya kabla ya ndoa ndiyo nafasi pekee ya kanisa kumfikia kijana huyu. Mara nyingi vipindi hivyo ni vichache, vinafanywa kwa haraka kabla matangazo hayajasomwa, na hata humo mada ya kwanza inakuwa wajibu wa mke.

Mimi nawaomba mkae na huyu kijana, mumsomee sehemu yake mpaka imwingie.

Msomeeni Mwanzo 2:24: "mwanamume atamwacha baba yake na mama yake naye ataambatana na mkewe." Kwetu anayeagwa kwa machozi ni binti, lakini Maandiko yanamtaja mwanamume kuwa ndiye anayeacha. Nyumba ngapi zimevunjika kwa sababu mume hakuacha kwao? Uamuzi wa kujenga unafanywa na mama yake, mawifi wanaingia chumbani bila hodi, mke akilalamika anaambiwa amewakuta. Wazazi wanastahili heshima na matunzo mpaka kaburini, na amri ya kuwaheshimu baba na mama haina kikomo. Hata hivyo mke naye ana haki ya kupewa mume aliyekwisha kuondoka kwao, na kijana asipoambiwa hivyo na mchungaji hataambiwa na mama yake mzazi.

Msomeeni Kumbukumbu la Torati 24:5, ambako mwanamume aliyeoa karibuni anaachiliwa na vita kwa mwaka mzima akae nyumbani "apate kumfurahisha mkewe aliyemwoa." Katika Israeli iliyozungukwa na maadui, Mungu aliona furaha ya mke mpya inastahili kumtoa askari vitani. Sijawahi kusikia mstari huo ukihubiriwa kwenye harusi.

Msomeeni 1 Wakorintho 7 yote, si nusu. Ile sehemu ya kwamba mke hana amri juu ya mwili wake wanaume wengi wanaijua kwa moyo. Sentensi haikuishia hapo: "vivyo hivyo mume hana amri juu ya mwili wake, bali mkewe." Na katika mstari wa 5 Paulo anataka wapatane. Mahali palipo na kupatana hapana kulazimisha, hapana mume anayerudi alfajiri amelewa akidai haki yake kwa jina la Paulo.

Zaidi ya yote msomeeni 1 Petro 3:7, maana hapo pana onyo ambalo mke hakupewa. Mume akae na mkewe kwa akili, ampe heshima, kwa sababu ni "warithi pamoja wa neema ya uzima, kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe." Mtume anasema wazi kwamba mume anayemvunjia mkewe heshima anagonga mwamba anapoomba. Tuna wanaume wanaofunga na kukesha, wanaoongoza maombi mpaka sauti zinakauka, wakiomba kazi, watoto na uponyaji, na wake zao wamekaa safu ya nyuma na maumivu ambayo hakuna aliyewauliza. Wapendwa wachungaji, mmewahi kumwambia mwanamume wa namna hiyo kwamba kizuizi cha maombi yake kinaweza kuwa kipo nyumbani kwake? Tumewapeleka kukemea mapepo ya ukoo, na Petro alikuwa ameshaandika jibu.

Nigusie na suala la fedha, kwa kuwa hapa ndipo neno la Paulo linapopindwa kimya kimya. Vijana wengi wameelewa kwamba kichwa cha nyumba ni yule mwenye mshahara mkubwa. Kwa hiyo mke akipata cheo, mume anajiona amevuliwa. Akipunguzwa kazini, anaanza kumwogopa mkewe, na hofu hiyo inatoka kama ukali. Wengine wanaidai kadi ya benki ya mke iwe mikononi mwao, na wanaliita jambo hilo utii. Paulo hakuandika mshahara mahali popote katika sura ile. Mke wa Methali 31 anaangalia shamba na kulinunua, anafanya biashara, na mumewe bado anajulikana malangoni akiketi na wazee wa nchi. Imeandikwa pale: "Moyo wa mumewe humwamini." Priskila na Akila walishona mahema pamoja, wakamfundisha Apolo pamoja, na Luka anaposimulia habari ya kumfundisha Apolo anamtaja Priskila kwanza. Hakuna mahali tunaposoma kwamba Akila alipungukiwa. Kijana akifundishwa kwamba ukichwa wake ni wa kujitoa, hatautafuta kwenye hati ya mshahara, na siku akikosa kazi atabaki kichwa kamili cha nyumba yake.

Na utii wenyewe, tuufundishe wote. Petro anamtaja Sara aliyemtii Ibrahimu na kumwita bwana, nasi tunamnukuu kila mwaka. Huyohuyo Ibrahimu ndiye aliyeambiwa na Mungu katika Mwanzo 21:12, "Kila akuambialo Sara, sikiliza sauti yake." Abigaili alipoona upumbavu wa Nabali utaiangamiza nyumba yote, alipakia mikate na divai juu ya punda, akamfuata Daudi bila kumwambia mumewe, na Biblia inamsifu. Halafu yuko Safira. Huyu alikubaliana na mumewe Anania katika uongo wa bei ya kiwanja walichouza, akasimama na neno la mumewe mbele ya Petro, akafa kama mumewe alivyokufa. Petro hakumwambia kwamba alifanya vema kutii. Mabinti wetu tunawafundisha Sara wa upande mmoja, Abigaili tunampitia juu juu, na Safira hatumtaji kabisa katika mafundisho ya ndoa. Binti anatoka hapo akiamini kwamba Mungu anataka anyamaze hata mumewe akiiba fedha za ushirika, hata akimpiga mtoto mpaka azimie.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Utafiti wa kitaifa wa hali ya afya na idadi ya watu wa mwaka 2015–16 uliwauliza Watanzania kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu kama kuunguza chakula, kubishana naye, kutoka bila kumwambia, kutowajali watoto au kumnyima tendo la ndoa. Asilimia 58 ya wanawake walikubali walau sababu moja. Kwa wanaume walikuwa asilimia 40. Rudieni kusoma tarakimu hizo. Wanaoamini kwamba mke anastahili kipigo ni wengi zaidi miongoni mwa wanawake wenyewe. Mwanamke hazaliwi na imani hiyo. Anaifundishwa na mama, na somo, na shangazi, na niseme kwa uchungu, na kimya cha madhabahu. Wengi wa wanawake hao wanakuja kanisani au msikitini kila wiki. Wangesikia mara moja tu kwa mwaka, kutoka mdomoni mwa mtu wanayemwamini kuwa amesimama mahali pa Mungu, kwamba kumpiga mke ni dhambi, asilimia hiyo isingesimama pale.

Namjua dada mmoja, jina lake na kanisa lake nayahifadhi, aliyekwenda kwa wazee wa kanisa na uso umevimba. Swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa, "Ulimkosea nini?" La pili lilikuwa kama ameomba vya kutosha. Akaambiwa arudi nyumbani, ampikie mumewe chakula akipendacho, amshinde ubaya kwa wema, na akasomewa 1 Petro 3:1, kwamba mume huvutwa kwa mwenendo wa mke pasipo neno. Jumapili iliyofuata mumewe alikuwa anapitisha vikapu vya sadaka.

Ndugu zangu, Petro katika mstari ule anawataja waume "wasioamini Neno." Anazungumza na mke aliyeokoka akiwa ameolewa na mpagani. Mume wa dada yule si mpagani. Amebatizwa, ana kadi ya usharika, anahesabu sadaka. Kwa mtu kama huyo Bwana Yesu ameshaweka utaratibu katika Mathayo 18: muonye mkiwa wawili, asiposikia chukua mashahidi, asiposikia liambie kanisa, na asipolisikia kanisa "na awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru." Kwa nini utaratibu huo unatumika kwa aliyekopa fedha za SACCOS ya kanisa asilipe, lakini hautumiki kwa aliyemvunja mkewe mkono?

Maana nidhamu tunayo. Binti akipata mimba kabla ya ndoa anasimamishwa kwaya, anazuiwa Meza ya Bwana, na siku ya kurudi kundini anasimama mbele ya watu wote. Wanaoishi pamoja bila ndoa hawapokei sakramenti. Sidai nidhamu hiyo iondolewe. Nadai imguse na mpigaji. Paulo katika 1 Wakorintho 5:11, anapowataja watu wanaoitwa ndugu ambao kanisa lisile nao, anamtaja mzinzi, ndiyo, lakini katika sentensi hiyohiyo anamtaja mtukanaji na mlevi. Na katika 1 Timotheo 3:3 askofu anatakiwa asiwe "mpiga watu." Mtu wa kupiga watu haruhusiwi kuongoza kanisa. Mke je, si mtu? Mnapowachagua wazee wa kanisa mnachunguza zaka zao na mahudhurio yao. Muulizeni na mkewe, tena akiwa peke yake.

Najua lipo jibu linalosubiri: haya ni mambo ya Beijing. Tangu mkutano ule wa dunia kuhusu wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, ambao katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania mwenzetu, Mama Gertrude Mongella, kila mwanamke anayeuliza swali kanisani huambiwa hivyo. Basi nisikilizeni kutoka mahali ambako Beijing haijatajwa. Yohane Krisostomo, askofu wa Konstantinopoli aliyefariki mwaka 407, mwalimu anayeheshimiwa na Wakatoliki, Waorthodoksi na Waprotestanti, aliwahubiria waume kwamba hakuna kosa la mke linaloweza kuwa kubwa kiasi cha kumlazimisha mume ampige. Akihubiri Waefeso 5 aliwaambia wawe tayari hata kukatwa vipande vipande kwa ajili ya wake zao, na wakishafanya hivyo bado hawajamfikia Kristo. Mwaka 1988 Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake kuhusu hadhi ya mwanamke, aliandika kwamba kati ya Kristo na Kanisa unyenyekevu ni wa Kanisa peke yake, lakini kati ya mume na mke ni wa pande zote mbili. Hao ndio walimu wa imani yetu. Kuwasomea maharusi maneno yao hakuhitaji ruhusa ya mkutano wowote.

Jambo jingine ni kwamba ninyi hamkai pale kama washauri wa kiroho tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro wa ndoa upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya shauri la talaka kufika mahakamani, na inaruhusu mabaraza ya jumuiya za dini kutambuliwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo meza yenu ya wazee inaweza kuwa ndiyo mlango wa kwanza wa haki ambao mwanamke anaugonga. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vingine. Kifungu cha 59 kinamzuia mume kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitambua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Naona aibu kwamba majaji waliuona mwaka ule mchango ambao baadhi ya wazee wetu mpaka leo hawauoni, wanapomwambia mke aliyelea watoto na kufuga ng'ombe kwamba alikuja na begi lake na ataondoka na begi lake.

Mnaogopa talaka, naelewa. Hata mimi naiogopa, na maneno ya Malaki kwamba Mungu anachukia kuachana nayaamini. Lakini katika mstari uleule, Malaki 2:16, nabii anautaja udhalimu pamoja na kuachana, na sisi tumekariri upande mmoja. Paulo, aliyewaagiza wake wasiachane na waume zao, anaendelea mara hiyohiyo kusema kwamba akiwa ameachana naye, akae asiolewe au wapatane. Alijua kuna siku mke atalazimika kutoka. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983, kanuni ya 1153, zinamruhusu mwenzi kutengana na yule anayemletea hatari kubwa ya roho au mwili, kifungo cha ndoa kikiwa kimebaki palepale. Mapadri wanaijua kanuni hii. Wanandoa katika jumuiya ndogo ndogo hawaijui, kwa sababu hakuna aliyewaambia. Mwanamke anaweza kukimbilia kwa dada yake kuokoa maisha yake na bado akawa mke mwaminifu mbele za Mungu. Mwambieni hivyo kabla hajafika kwenye jeneza.

Mnaweza kuanza bila fedha na bila kamati mpya. Kijana anapoleta jina lake ili matangazo yasomwe, awe amekaa kwanza na waume wa usharika wenye nyumba zinazojulikana kuwa za amani, wamsomee kuanzia mstari wa 25 na wamweleze kwa mifano ya maisha yao jinsi mume anavyojitoa: anavyoomba radhi, anavyoamka usiku mtoto akiugua, anavyoshauriana na mkewe kabla ya kukopa, anavyomkingia kifua mbele ya ndugu zake. Jumuiya na umoja wa wanawake unaofundisha kicheni pati upewe maagizo na mchungaji kwamba neno vumilia lisitumike kwa kipigo. Kwenye baraza la wazee wawepo kina mama, na mwanamke aliyepigwa asihojiwe huku mumewe ameketi mbele yake. Akiwa na jeraha, kwanza apelekwe polisi akapate fomu ya PF3 na atibiwe, afike Dawati la Jinsia na Watoto, na mzee wa kanisa amsindikize badala ya kumzuia kwa hofu ya kuliaibisha kanisa. Maombi yatafuata, na yatakuwa na nguvu zaidi kwa kuwa hayatakuwa na uongo ndani yake.

Mume aliyepiga naye msimtupe. Yeye pia ni kondoo. Wengi wao walikua wakimwona baba akimpiga mama na hakuna aliyewahi kuwaonyesha njia nyingine. Azuiwe Meza ya Bwana kwa muda, avuliwe uongozi, apewe mzee wa kumfuatilia wiki kwa wiki, na asirudishwe kwa sababu amelia madhabahuni Jumapili moja. Arudishwe mkewe atakaposema, bila kushurutishwa, kwamba nyumba imebadilika. Hiyo ni huduma ya uchungaji kamili, na itamwokoa yeye kabla ya mtu mwingine.

Harusi za Desemba zinakaribia, na majina yatakayosomwa kwenye matangazo mnayo tayari mezani. Anzeni na hao. Kama mtahitaji watu wa kusaidia, upande wa kina mama nipo, na mume wangu, aliyeisoma barua hii kabla yenu, amesema yuko tayari kukaa na vijana wa kiume.

Wenu katika Kristo,
Mama na msimamizi wa ndoa, Morogoro